Nguvu ya Gari Haimo Katika Ngurumo

Kwa muda sasa mji wetu wa Unguja umeingiliwa na mtindo ambao hapana mkaazi asiyeujua, ingawa waliousemea hadharani ni wachache. Baadhi ya wenye magari na pikipiki, wengi wao vijana, huvipeleka vyombo vyao karakanani, sailensa ya bomba la moshi ikakatwa au ikatobolewa, na mahali pake pakatiwa bomba tupu lililonyooka. Chombo kikitoka hapo hakiendi tena kimya. Usiku, watu wamekwisha kulala, kinapita Darajani, kinateremka Malindi, kinazunguka Forodhani na Shangani, na kila nyumba inayopitiwa hupata taarifa hata kama haikuiomba.

Hatuandiki haya kwa kuwachukia vijana wala kwa kuchukia magari. Tunaandika kwa sababu wenye mtindo huu wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Hoja yao ni kwamba injini ikifunguliwa bomba hupumua, na ikipumua huongezeka nguvu. Je, jambo hili ni kweli? Na ikiwa ni kweli, ni kwa kiasi gani, na anayelipa gharama yake ni nani?

DEBE LINA KAZI GANI?

Injini ya petroli huenda kwa miripuko midogo midogo ndani ya silinda. Kila mripuko ukimaliza kuisukuma pistoni, vali ya kutolea moshi hufunguka, na hewa ya moto, ambayo bado ina mkandamizo mkubwa kuliko hewa ya nje, hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, vishindo hivyo hufika 100 katika kila sekunde. Sikio haliwezi kuvihesabu. Huvisikia vyote kwa pamoja kama mvumo mmoja.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya sailensa, lile debe tunaloliona chini ya gari. Ndani yake mna vyumba, na vibomba vyenye matundu, na mara nyingine sufi ya kioo au ya chuma. Wimbi la sauti likiingia hugonga ukuta likarudi, likakutana na jingine linalokuja, yakavunjana nguvu; na linalobaki humezwa na sufi. Moshi hupita, kishindo hubaki ndani. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, nasi tunaona kwamba msemo huu haujapata kuwa kweli zaidi ya hapa, kwani debe hili likitolewa yaliyomo huvuma kwelikweli.

Chombo hiki ni cha zamani karibu sawa na gari lenyewe. Mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya manowari za Kiingereza kuupiga mizinga mji wetu tarehe 27 Agosti 1896, ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipewa hataza ya sailensa ya injini. Baada yao Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo wakoloni waliitumia kuiteka Afrika, alipata mwaka 1909 hataza ya chombo cha kuzima sauti ya bunduki, na ujuzi huohuo akautia katika mabomba ya moshi ya injini. Baba alitafuta njia ya kuongeza kishindo, mwana akatafuta njia ya kukinyamazisha.

Kiu ya kulifungua bomba nayo si mpya. Magari mengi ya mwanzoni mwa karne iliyopita yalikuwa na kilango cha kuuruhusu moshi utoke bila ya kupita katika sailensa, na waliokuwa wakikifungua walitoa sababu ileile tunayoisikia leo: kuongeza nguvu. Nchi moja baada ya nyingine zikakipiga marufuku kilango hicho, kwa kuwa makelele yalikuwa ya watu wote na faida ilikuwa ya mmoja.

Kisiwa chetu nacho kina historia yake ya mashine na sauti. Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ya kutoka mjini kwenda Bububu, na garimoshi likipita katika njia nyembamba za Darajani karibu kuzigusa nyumba. Hadi leo wako wanaosema kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na sauti ya garimoshi hilo. Si kweli, kwani Bibi Salme binti Said alikwisha kuitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, miaka 19 kabla ya reli. Lakini ngano hiyo ina funzo: reli imeondoka, mizigo iliyochukuliwa imesahauliwa, na kilichobaki vinywani mwa watu ni sauti.

UKWELI WA NGUVU

Tusiukane ukweli. Bomba la moshi lina uhusiano mkubwa na nguvu ya injini, na mfano bora wa jambo hilo unatoka katika nchi ambayo Unguja iliijua vizuri, yaani Ujerumani ya Mashariki, ile iliyotusaidia kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika mji wa Zschopau kilikuwako kiwanda cha pikipiki cha MZ, na katika kiwanda hicho mhandisi Walter Kaaden, aliyekuwa akisimamia pikipiki za mashindano katika miaka ya 1950, aliichunguza kwa makini injini ya mipigo miwili, aina ileile iliyokuwamo katika vespa za zamani zilizojaa katika vichochoro vyetu.

Injini ya namna hiyo haina vali za kufungua na kufunga njia ya moshi. Petroli mpya ikiingia, sehemu yake hutaka kutoka pamoja na moshi wa zamani. Kaaden alilitengeneza bomba lililotanuka katikati na kubanwa mwishoni, kwa vipimo vilivyopigiwa hesabu, ili wimbi la mkandamizo ligonge mwisho wa bomba, lirudi nyuma, na kuisukuma petroli ile irudi ndani ya silinda kabla mlango haujaziba. Kufikia mwaka 1961 injini yake ndogo ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana kwa injini ya kadiri hiyo isiyosaidiwa na mashine ya kushindilia hewa. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda na ujuzi huo kwa Suzuki ya Japani, na mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba bomba la moshi laweza kweli kuongeza nguvu. La pili, na ndilo kubwa, kwamba nguvu ile ilitokana na hesabu ya urefu, upana na kipimo cha kila pande la bati, na wala haikutokana na kulitoboa debe. Anayelikata bomba la chombo cha mipigo miwili huliharibu wimbi lile linalorudi. Petroli yake hutoka nje haijaungua, chombo huvuma na kutumia mafuta, na kilima kidogo huonekana kirefu.

Injini ya mipigo minne, iliyomo katika magari yetu mengi, nayo ina hesabu yake. Moshi unaotoka kwa kasi katika bomba lenye upana unaofaa huacha nyuma yake upungufu wa mkandamizo, na upungufu huo husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi kasi hupungua, na msaada huo hupungua nao, hasa gari linapokwenda polepole. Gari letu la Mwanakwerekwe au la Darajani hwenda polepole karibu saa zote. Kwa hiyo dereva hupoteza mvuto pale anapouhitaji, na hupata nyongeza ndogo pale ambapo barabara zetu hazimruhusu kuitumia.

Na nyongeza yenyewe ni kiasi gani? Tuchukue gari dogo la Kijapani la injini ya lita moja, lenye nguvu za farasi 70 hivi, kama yalivyo mengi yanayoteremshwa bandarini. Hata tukimkubalia fundi kwamba kazi yake imeongeza sehemu tano katika mia, jambo ambalo ni nadra kwa kubadilisha debe peke yake, mwenye gari atakuwa amepata farasi watatu na nusu. Akimchukua rafiki mmoja mnene katika kiti cha nyuma, sehemu kubwa ya faida hiyo imekwisha. Nasi tunauliza: katika kisiwa ambacho kutoka Nungwi hadi Makunduchi ni kilomita 85 hivi, farasi hao watatu na nusu wanakimbizwa wapi?

Liko na jambo jingine ambalo mafundi wengi hawawaelezi wateja wao. Magari ya siku hizi yana kipima hewa ndani ya bomba la moshi, nacho huipelekea kompyuta ya injini habari ya kuongeza au kupunguza petroli. Bomba likikatwa na kuungwa vibaya, hewa ya nje hupenya, kipima hewa kikadhani petroli ni chache, na kompyuta ikaongeza. Mwenye gari husikia ngurumo akadhani ni nguvu, kumbe ni fedha yake inayotoka kwa bomba. Kwa pikipiki za kabureta huwa kinyume chake: moshi ukitoka kwa wepesi, hewa huingia nyingi na petroli ikawa chache, injini ikapata moto kupita kiasi, na vali zikaungua.

MASEGA NA SUMU ISIYO SAUTI

Mbali na sauti, kuna hatari isiyosikika. Moshi wa petroli una hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hujishika na damu mahali pa hewa safi. Bomba lililokamilika huupeleka moshi huo nyuma kabisa ya gari. Bomba lililokatwa katikati huumwaga chini ya sakafu, na sakafu yenye kutu au tundu huupitisha ndani. Abiria huanza kuumwa na kichwa na kusikia usingizi, nao hudhani ni uchovu wa safari. Mtoto aliyelala katika kiti cha nyuma hawezi hata kulalamika. Hivyo chombo kinachopiga kelele kuliko vyote barabarani chaweza kuua kimya kimya waliomo ndani yake.

Aidha, magari mengi yanayotoka Japani huja na chombo cha kusafisha moshi, ambacho ndani yake mna vitundu vingi mfano wa masega ya nyuki, vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hubadilisha sehemu kubwa ya sumu kabla haijatoka nje. Ndiyo sababu moja iliyozifanya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuacha petroli yenye risasi ifikapo mwisho wa mwaka 2005, kwani risasi huyaharibu masega hayo, kama inavyoharibu akili za watoto. Sasa mataifa yamefanya kazi yote hiyo, kisha mtu mmoja mwenye msumeno anayang'oa masega kwa nusu saa! Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda ikawa mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu, na katika sehemu nyingi za dunia wizi wa masega ya magari ukaenea. Mwenye gari anayeambiwa kwamba masega "yanaiziba injini" na kwamba yatolewe bure, ajiulize kwanza ni nani atakayeyauza.

USINGIZI WA WENGI

Tuje katika makelele yenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo za mchele. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2014, uliweka kwamba gari jipya la kawaida linalopita mbele ya kipimo, mita saba na nusu mbali, lifikishwe hatua kwa hatua katika ukomo wa desibeli 68. Pikipiki yenye bomba wazi ikitoa desibeli 98 kwa umbali uleule, basi nguvu ya sauti yake ni sawa na ya magari elfu moja ya namna hiyo yakipita pamoja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kwamba sauti ya barabarani isizidi kwa wastani desibeli 53 kwa siku nzima, na 45 kwa usiku. Mwaka 2011 shirika hilohilo lilikadiria kwamba katika Ulaya ya Magharibi makelele ya barabarani hupoteza angalau miaka milioni moja ya maisha ya afya kila mwaka. Sababu yake inajulikana. Mtu aliyelala hafungi masikio. Moyo wake hushtuka hata kama yeye haamki, na shindikizo la damu hupanda. Jambo hilo likirudiwa usiku baada ya usiku, huwa maradhi.

Na mji wetu una hali ya pekee. Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyumba ikitazamana na nyumba, njia ikiwa nyembamba ili kivuli kipatikane. Waliojenga njia hizo walikadiria nyayo za watu, punda na hamali mwenye mkokoteni. Pikipiki yenye bomba wazi ikiingia humo, sauti haina pa kwenda: hugonga ukuta huu, ikarudi ule, ikapanda juu hadi madirishani. Na madirisha yetu ni ya mbao, hufunguliwa usiku ili upepo wa bahari uingie. Anayesema wakaazi wafunge madirisha anawaambia wachague baina ya usingizi na pumzi.

Hapana shaka atatokea wa kutukumbusha kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Tunamjibu kwamba mlango ule ni wa mwenye nyumba mwenyewe, amekwisha kuuzoea na anajua nani anaufungua. Huyu anayepita saa nane za usiku hana mlango katika nyumba ile. Ndani yake mna mzee mgonjwa, mna mzazi aliyejifungua, mna mwanafunzi wa skuli mwenye mtihani asubuhi, na mna mvuvi anayetaka kuamka kabla ya alfajiri. Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo iko kando ya barabara kuu, na wagonjwa wake hawakuletwa pale kusikiliza mabomba.

TUFANYE NINI?

Wenzetu wamekwisha kuchukua hatua. Tanzania Bara ilitunga mwaka 2015 kanuni za kudhibiti makelele na mitetemo. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, imeagiza kwamba sailensa ya kubadilishia katika magari yaliyotengenezwa tangu Aprili 2010 iwe imethibitishwa. Mji wa Paris ulianza Februari 2022 kujaribu mitambo inayopima sauti ya chombo na kuipiga picha namba yake. Sisi Zanzibar tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 3 ya mwaka 2015, tunayo Mamlaka ya kuisimamia, tunayo Taasisi ya Viwango inayoshughulika na ukaguzi wa magari yanayoingia nchini, na tunao askari wa usalama barabarani. Vyombo tunavyo, kinachotakiwa ni kuvikutanisha.

Kwanza, askari wapewe vipimo vya sauti na wafundishwe kuvitumia, ili dereva akamatwe kwa tarakimu na wala si kwa hasira ya askari. Kosa lisilopimwa huzaa mabishano, na mabishano ya barabarani huzaa rushwa. Pili, gari lisipasishwe katika ukaguzi ikiwa limekatwa bomba au limeng'olewa masega. Tatu, karakana zijulikane na zisimamiwe, maana aliyelikata bomba ana sehemu yake katika kosa sawa na aliyeliendesha gari.

Nne, vijana wenye mikono hiyo wasitupwe. Anayejua kukata chuma na kukiunga tena kwa moto ana kipaji ambacho visiwa vyetu vinakihitaji. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni, pamoja na vituo vya mafunzo ya amali, vingeweza kuwafundisha hesabu ya mkondo wa moshi na mawimbi ya sauti, ili watoke hapo wakiwa watengenezaji wa mabomba yaliyo bora na makimya. Kaaden naye alikuwa fundi wa bati na hesabu. Tofauti yake ni kwamba alipima kabla hajakata.

Mwisho, tunasema na waheshimiwa viongozi wetu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Haitafaa kitu ikiwa kijana wa Ng'ambo mwenye pikipiki kuukuu atatozwa faini, na mtoto wa mkubwa mwenye gari la fahari akaachiwa apite akinguruma mbele ya askari waleule. Wananchi wana macho, na katika jambo hili wana masikio pia. Siku watakapoona kwamba gari la kwanza kusimamishwa ni la mwenye jina, hapatahitajika makala nyingine wala mkutano wa hadhara. Mabomba yatarudishwa yenyewe, na watu wa mji huu watapata haki yao ndogo ya kulala usiku.